Masikio ya Karakana ya Bati

Mafundi bati, popote walipo duniani, unawasikia kabla hujawaona. Unakata kona ya soko, mlango wao bado uko mbali, na tayari meno yanakutetemeka kwa nyundo. Karakana ya familia hii ilikuwa katika mtaa wa wauza vyombo, baina ya duka la rangi na chumba cha kinyozi, na wapangaji wa ghorofani walikuwa wameshajifunza kuzungumza kwa vituo: nyundo zikinyamaza wanasema, nyundo zikianza wanasubiri, kisha wanaendelea pale walipoachia.

Mbele ya karakana, penye mwanga, waligonga wanaume. Nyuma, karibu na jiko la mkaa, alikaa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Lehemu. Jina jingine alikuwa nalo, la kwenye kitambulisho, lakini akiitwa nalo hugeuka akiwa amechelewa, kama mtu anayeitikia salamu ya mwenzake. Kazi yake ilikuwa kuziba. Wanaume walikata bati, wakalikunja, wakaligonga likawa ndoo, karai au funeli. Yeye alichukua chuma cha kulehemia kilichoiva kwenye makaa, akayeyusha risasi ya kuzibia, akaifuatisha kwenye mshono kama mtu anayepaka wanja. Ndivyo babu yake alivyopanga tangu alipofungua karakana: wanaume wagonge, wanawake walehemu. Bibi alilehemu, mama alilehemu, na sasa yeye.

Chombo kikishapoa alikijaza maji, akakiweka juu ya gunia kavu, akaendelea na kingine. Baadaye alirudi akapapasa chini kwa mgongo wa mkono. Gunia likiwa kavu, aligonga meza mara mbili kwa mpini wa chuma chake: ko, ko. Maana yake: hakivuji. Meza ilikuwa moja, ndefu, ya mbao nzito, kutoka kwenye jiko lake hadi mlangoni, na mwisho wake wa pili alifanya kazi kaka yake. Kaka hakusikia kitu. Lakini alikuwa na tabia ya kuacha kiganja kimoja juu ya mbao, na ile ko-ko ilipopita chini ya ngozi yake aliinuka bila kutazama, akaja, akakibeba chombo kwa mikono miwili na kukipandisha kwenye rafu ya kuuzia.

Vingine vilikuwa katikati. Havikuvuja, ila mshono ulikuwa na unyevu kidogo, kama kipaji cha uso cha mtu aliyepanda ngazi. Vyombo hivyo Lehemu aliviita vya jasho. Alimwambia mnunuzi ukweli, akampunguzia bei, na chombo kikaenda kubeba maji miaka na miaka bila kumwaga tone.

Uziwi katika karakana ile haukuwa siri wala msiba. Ulikuwa cheo. Babu aliyeianzisha alikuwa kiziwi. Kaka yao mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa kiziwi. Huyu Kaka aliyebaki, alipoanza kusema "eh?" akiwa bado hajaota ndevu, majirani walimpigapiga mgongoni: "Sasa umekuwa fundi!" Naye akacheka, akajiona amepandishwa daraja. Kila mtu alijua sababu. Nani apigiwe nyundo sikioni kutwa na kucha, abaki na sikio? Wanawake walikaa nyuma, hawakugonga, wakasikia hadi uzee wao. Hesabu ilijipanga yenyewe.

Kwamba wanaume haohao, baada ya masikio, walianza kuamka na nyuso zilizovimba, miguu ikajaa jioni, wakachoka, wakaondoka kabla mvi hazijawaota, hilo lilikuwa na maelezo yake pia. Moshi wa mkaa. Vumbi la bati. Kunywa maji ya baridi mwili ukiwa moto. "Kazi ya bati inakula watu," walisema, na kesho yake wakaamkia kazini.

Hesabu hiyo ilikuwa na doa moja tu, nalo lilikuwa mjomba.

Mjomba wao, mdogo wake mama, alikuwa amegonga bati tangu utotoni, kwenye fuawe ileile, chuma cha kugongea cha baba yake. Sasa kichwa kilikuwa cheupe, na alisikia mpaka paka akishuka darini. Familia ilikuwa na jibu la hilo: mvivu. Kama angekuwa anagonga kiume, masikio yangekuwa yameshakwenda. Wakamwita Pamba, kwa kuwa nyundo yake, walisema, ilikuwa ya pamba. Watoto walizaliwa wakalikuta jina hilo. Pamba mwenyewe alishalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana, ila mara mojamoja, akiwa amemaliza makarai mengi kuliko mtu yeyote wiki ile, alisema bila kuinua macho, "Leo pamba imegonga sana," na hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Lehemu alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na tangu anamnyonyesha alikuwa ameapa: huyu hatashika nyundo. Mtoto alikua akiegemea mlango wa karakana kama anayeota moto. Mama alimfukuza kwa koleo. "Toka hapo! Masikio hayauzwi dukani." Alipomaliza shule, alimtafutia kazi ya karibu iwezekanavyo na ya kimya iwezekanavyo: akaingia chumba cha jirani kujifunza unyozi. Akawa kinyozi mzuri, mwenye mkono mwepesi, mwenye wateja wake. Na bado, wateja wakikatika, alikuja kusimama mlangoni na taulo begani, akitazama nyundo ya babu Pamba ikipanda na kushuka.

"Mama, na mimi nigonge karai moja tu."

"Ukigonga moja utagonga la pili."

"Sasa babu Pamba mbona anasikia?"

"Babu Pamba hagongi, anabembeleza."

"Nakusikia!" alisema Pamba.

Mwaka ule Kaka aliacha kula. Uso ukamvimba, pumzi ikawa fupi, wakamkimbiza hospitali, na huko wakaambiwa kwamba figo zimekwisha. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Alirudi kila mara akiwa mweupe kama unga, akakaa mahali pake kwenye meza, akaweka kiganja juu ya mbao, akagonga kidogo, akapumzika sana. Alikuwa na binti mmoja wa shule ya msingi, aliyekuja mchana kumfungulia chupa ya chai kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimepoteza nguvu.

Lehemu alimtazama wiki kadhaa. Kisha akasimama mbele yake, akasema polepole ili amsome midomo: "Nitakupa figo yangu moja."

Kaka alisema kwa sauti yake kubwa ya kiziwi, mtaa mzima ukasikia: "Hapana!"

"Ninazo mbili. Moja inakaa bure."

"Hapana, dada!"

"Sikukuuliza. Nakuarifu."

Ndipo alipoenda kupimwa. Daktari wa figo alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni, mezani kwake kikombe cha chai kilichosahaulika. Alimpima presha, akamtoa damu, akachukua mkojo, akamwambia arudi. Aliporudi, daktari hakuanza na majibu. Alianza na maswali, akiwa na kalamu mkononi.

"Kaka yako alianza lini kutosikia?"

"Ah, hilo si la ugonjwa, daktari. Sisi mafundi bati."

Kila mahali walipopita, mazungumzo ya masikio yalikuwa yakiishia hapo. Daktari husikia "fundi bati", hutikisa kichwa, huenda swali linalofuata. Huyu aliweka kalamu chini.

"Na wewe unafanya kazi wapi?"

"Humohumo."

"Na unasikia."

"Mimi nalehemu, sigongi."

"Hakuna mwanamume hata mmoja aliyegonga maisha yake yote akabaki anasikia?"

"Yupo mmoja, mjomba wetu. Lakini huyo tusimhesabu, daktari. Huyo mvivu."

"Uvivu wake mmeujuaje?"

Lehemu akaanza kupekua kumbukumbu. Ushahidi wote wa uvivu wa Pamba ulikuwa masikio yake.

Daktari akavuta kiti karibu. Ndani ya figo, alisema, kuna chujio jembamba kuliko kitambaa chochote. Kuna kitu kinacholishikilia lisichanike, na kitu hichohicho mwili unakitumia ndani kabisa ya sikio. Wako watu wanaozaliwa na maagizo yenye kasoro ya namna ya kukitengeneza. Chujio linavuja damu kidogokidogo tangu utotoni, sikio linafifia ujanani, na mwishowe figo zinachoka. Bati halihusiki. "Kelele za nyundo zinaharibu masikio, hilo ni kweli, na nyinyi mnapaswa kuyaziba. Lakini haziyamalizi mapema hivyo masikio ya kijana asiye na ndevu, na haziharibu figo."

"Sasa mbona wanaume tu?"

"Kwa sababu maagizo hayo mwanamke anayo nakala mbili, moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Moja ikiwa mbovu, nyingine inamwokoa. Mwanamume ana moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa mbovu, hana akiba. Babu yako alikuwa nayo mbovu. Mwanawe wa kiume hakuweza kumpa, kwa kuwa baba hampi mwana nakala hiyo. Ndiyo maana mjomba wako mzima. Lakini binti yake lazima alimpa. Mama yako aliibeba. Hakuumwa, akaolewa, akazaa, akazeeka. Akawapa kaka zako wawili."

Lehemu alitazama kikombe cha chai kilichopoa. "Na mimi?"

"Katika mkojo wako kuna damu. Huwezi kuiona kwa macho, inaonekana kwa hadubini tu. Figo zako zinafanya kazi vizuri. Lakini wewe ni mbebaji, kama mama yako."

"Mimi sijaumwa hata kichwa, daktari."

"Ndivyo unavyosafiri ugonjwa huu. Unapita kwa watu wasioumwa."

Lehemu alijipapasa mgongo wa mkono. Kisha akasema, taratibu, kama anayejitambulisha upya: "Kumbe mimi chombo cha jasho." Ikabidi aeleze: mshono wenye unyevu, chombo kinachobeba maji miaka yote. Daktari alivua miwani. "Hasa," alisema. "Na chombo cha jasho hakiuzwi kama kipya. Figo zako utazihitaji mwenyewe, wabebaji wengine huja kusumbuliwa wakizeeka. Kutoa, sitakushauri. Tutakuwa tunakupima kila mwaka."

Lehemu alikuwa ameshaondoka katika habari za figo zake. "Mwanangu wa kiume," alisema.

"Nusu kwa nusu," daktari akasema. "Mlete."

Alirudi mtaani kwa miguu, kituo cha gari alikipita bila kukiona. Miaka yote alikuwa amefunga dirisha na kulilinda kwa koleo, na kumbe mlango ulikuwa wazi, na mlango wenyewe ni yeye. Alifika chumba cha kinyozi. Mwanawe alikuwa amempa mgongo, anafagia nywele. Lehemu alisimama kizingitini, akamwita, si kwa nguvu. Hakugeuka. Akamwita tena. Fagio likaendelea. Ndipo akakumbuka vitu ambavyo alikuwa amevipitia haraka miezi hiyo: kijana kusogeza kichwa mtu akisema naye, kuongeza redio, kusema "eh?" mezani. "Eh?" ileile waliyompongezea Kaka.

Alimgusa bega. Kijana akaruka. "Mama! Unanyata kama mwizi."

"Hunisikii siku hizi."

"Mashine za kunyolea zinapiga kelele."

Alikuwa amepata kisingizio chake, kama ukoo mzima. Lehemu akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia yote akitazamana naye katika kioo, kwa kuwa usoni hakuweza. Kijana alisikiliza, taulo limemwangukia. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo nyundo haikuwa na kosa?"

"Haikuwa na kosa."

"Umenifukuza na koleo miaka yote hiyo."

"Nikupigie magoti sasa hivi, au tukitoka kupimwa?"

Kijana akacheka, akaokota taulo, akalikunja, akalikunja tena.

Kesho yake asubuhi Lehemu alimwambia mjomba wake, kazini, mbele ya watu, maana mbele ya watu ndipo alipotukanwa. Pamba alisikiliza akiwa ameshika nyundo juu, hajaishusha.

"Kwa hiyo mimi si mvivu."

"Wewe si mvivu, mjomba."

"Tangu ujana wangu."

"Tangu ujana wako. Utusamehe."

Pamba akaiweka nyundo kwenye fuawe kwa utaratibu mkubwa, akavuta kibao, akaketi, akanyoosha miguu. "Basi leo napumzika," alisema. "Nileteeni chai." Alikaa hivyo mpaka adhuhuri, na mtu yeyote aliyepita alimwita aje asikilize habari. Kisha, chai ya pili ikiwa mkononi, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya misumari: "Na figo ya mzima anaweza kupewa Kaka?"

"Mjomba, umri wako."

"Mimi nauliza tu. Figo ya mvivu haijatumika sana." Wiki ileile akaenda kwa daktari yule, na vipimo vyake vikaanza.

Kaka alikuwa amesoma midomo yote. Kwa upande wake lililomkaa ni jingine. Alimtazama binti yake akimimina chai, akamvuta Lehemu kando. "Yule nimempa," alisema, kwa mara ya kwanza akijaribu kunong'ona, na hata hivyo wapita njia waligeuka. Daktari alikuwa amelisema wazi: mabinti wote wa mwanamume mgonjwa huibeba. Lehemu alimshika uso kwa mikono yake yenye masizi ili asikose neno.

"Umempa alichonipa mama mimi. Nitazame. Nimekaa kwenye jiko hili tangu utoto, nimezaa, na ndoo nazibeba kuliko wewe. Tofauti ni kwamba yeye atajua. Atapimwa, atatunzwa, akija kuzaa atajua la kuuliza. Sisi tulikuwa tunapigana vita na nyundo."

Kaka aliziacha alama za masizi zikae mashavuni siku nzima.

Siku ya vipimo, mtaalamu wa masikio alimkalisha kijana, akachungulia sikio la kulia kwa tochi, akaguna. Akachungulia la kushoto, akaguna zaidi. Lehemu akatoka ukutani, akasogea karibu. "Kazi yako nini, ndugu?" mtaalamu aliuliza.

"Kinyozi."

"Inaonekana." Akachukua bomba la maji ya uvuguvugu, akasukuma, akasukuma tena, na kwenye bakuli kikaanguka kidonge cha nta kilichochanganyika na nywele fupifupi za rangi zote, nywele za wateja wa mtaa mzima. Kutoka sikio la pili kikatoka kidonge kingine, kikubwa zaidi. Kijana alishika kichwa. "Mama," alisema, "mbona mnapiga kelele hivyo humu ndani?"

Lehemu aliangua kicheko kilichogeuka kuwa kitu kingine njiani, ikabidi apewe kiti. Wakampima kusikia kwa mashine: mzima. Mkojo ukatazamwa kwa hadubini, na Lehemu akaomba atazame mwenyewe, akaweka jicho, hakuelewa alichokiona isipokuwa kwamba hakuna kitu. "Safi," daktari wa figo alisema. "Angekuwa nayo, kwa umri huu damu tungeiona. Lakini sipendi kukisia. Damu yake nimeituma ikasomwe maagizo yenyewe. Subirini."

Kusubiri kukawa kazi ya pili. Alilehemu akaunguza vidole. Alizijaza ndoo maji akasahau kuzipapasa. Kijana hakuja mlangoni na taulo; hata yeye alikuwa ameanza kukaa mbali, kana kwamba karakana ingesikia na kubadili mawazo.

Simu ilipoita, walienda pamoja. Daktari aliwasubiri amesimama, na madaktari wanaosimama hivyo, mikono mfukoni, uso umelegea, huwa hawana haja ya kusema. Alisema hata hivyo. Nakala aliyopewa na mama yake ni ile nzima. Hana ugonjwa. Hawezi hata kuwapa wanawe. "Kwako wewe, kijana, mstari umekatika."

Walirudi karakana wakati wa nyundo. Pamba alikuwa anagonga kwa nguvu isiyo ya lazima, kama afanyavyo tangu apate haki yake. Kaka aliinua uso kutoka mwisho wa meza, akamkazia macho dada yake mdomoni. Lehemu akajaribu kusema. Midomo ilikataa kukaa pamoja. Ilikuwa ikicheka na kulia kwa zamu, na hakuna kiziwi duniani anayeweza kusoma midomo ya namna hiyo. Kaka alitikisa kichwa: sielewi. Rangi ikamtoka.

Basi Lehemu akaenda nyuma, mahali pake. Akamvuta mwanawe akamsimamisha kando ya meza, pale penye gunia kavu, pale inapokaa ndoo. Akachukua chuma chake kwa upande wa mpini. Akagonga.

Ko, ko.

Kiganja cha Kaka kilikuwa juu ya mbao. Alitazama mezani akitafuta chombo, hakukiona. Akatazama gunia. Akamtazama mpwa wake aliyesimama hapo kama aliyetoka kulehemiwa sasa hivi. Akaelewa. Akaja kwa hatua zake za mtu mgonjwa, na kama alivyofanya kila mara ile ko-ko ilipopita mkononi mwake, akainama, akamkumbatia kijana kwa mikono miwili, akamnyanyua kumpeleka kwenye rafu.

"Mshushe!" Pamba alipiga kelele, ameshatupa nyundo na kukimbilia upande mwingine kuwashikilia wote wawili. "Mshushe, mtu wewe! Nitakupa figo, mgongo sina wa kukupa!"

Kaka hakusikia.